Nimelipia Kutazama Nyufa za Wenzangu

Mimi ni fundi mwashi wa Tanga, na kwa miaka 34 nimekuwa nikipokea lawama za wenye nyumba, kwa hiyo sikuwa na hamu yoyote ya kupanda ndege ili nikakague kazi ya mafundi waliokwisha kufa. Lakini binti yetu Zuhura, anayefundisha Kiingereza Phnom Penh, alidunduliza mwaka mzima akamtumia mama yake tiketi, na mimi nikaambatanishwa kama mzigo. Nilipouliza tunakwenda kuona nini hasa huko Kambodia, nikajibiwa kuwa ni mahekalu ya Angkor, magofu ya wafalme wa Khmer. Nikasema magofu ninayo: nyumba yangu mwenyewe ya Pongwe imesimama kwenye lenta tangu Zuhura akiwa kidato cha pili, na hajatokea mtalii hata mmoja wa kuipiga picha. Mama Zuhura alinitazama, akaendelea kukunja kanga zake sandukuni, nami nikajua kwamba mjadala umefungwa.

Kabla hatujaondoka nilikuwa nimemkabidhi mteja mmoja nyumba yake, salio likiwa bado mkononi mwake. Ndege ilipotua tu na simu ikashika mtandao, ikaingia picha ya ukuta, na katikati ya ukuta huo palikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Chini yake aliandika: “Fundi, huu ufa umeuona?” Nikamjibu kwamba nipo safarini, naye akanijibu kwamba ufa haupo safarini.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu wa likizo hawalisemi. Mtalii hapumziki. Kibarua wangu huingia kazini saa moja asubuhi, tena akiwa amekunywa chai na vitumbua, lakini mtalii wa Angkor huamshwa saa kumi alfajiri, ambayo kwa mwili uliotoka Tanga juzi ni saa sita kamili ya usiku. Nje alikuwa anatusubiri kijana mwenye pikipiki iliyofungiwa kigari chenye paa, bajaji iliyokatwa katikati kwa maelezo mafupi, naye akaniamkia kwa adabu sana akiniita “ta”. Nilifurahi mpaka Zuhura aliponifafanulia kwamba maana yake ni babu. Nina miaka 61, na ndevu nilikuwa nimezitia hina kwa ajili ya safari hii hii.

Tiketi tulikwisha kuzikata. Siku moja ni dola 37 na siku tatu ni dola 62, na Zuhura, kwa ukarimu ambao sijui aliurithi kwa nani, akachukua za siku tatu. Mimi hesabu zangu sizipigi kwa shilingi, nazipiga kwa mifuko ya saruji, na dola 62 ni mifuko kumi hivi kwa kila kichwa. Mifuko ishirini ya mimi na mama yake ingetosha kupiga plasta sebule ya Pongwe na kubakiza ya kuzibia matundu. Tena tiketi yenyewe inabandikwa picha yako, ambayo hupigwa pale pale dirishani kabla hujajua kama umeanza kutazama au bado, kwa hiyo kwa siku tatu nilizunguka na sura ya mtu anayetafutwa, nikiionyesha kwa kila mlinzi wa kila hekalu.

Tulivuka handaki la maji la Angkor Wat gizani, na handaki hilo si mtaro, maana upana wake unafika mita 190, nikawa napita juu yake nikiwaza nani alilichimba na alilipwa kwa kutwa au kwa kipande. Ndani, kushoto, kuna bwawa lenye mayungiyungi, na kandokando ya bwawa walikuwa wamejazana mamia ya watu walioinua simu juu, hivi kwamba mtu mfupi kama mimi aliona mapambazuko kupitia simu ya Mkorea aliyesimama mbele yake. Hekalu lile linatazama magharibi, ndiyo maana jua huchomoza nyuma ya minara yake, ile ile iliyomo kwenye bendera ya nchi yao. Jua lilichomoza, nakiri. Ni lile lile ambalo Tanga hutoka bure, bila tiketi yenye picha.

Kulipopambazuka vizuri nikaanza kazi yangu, kwa kuwa fundi hawezi kupita karibu na ukuta bila kuugusa. Nilipitisha ukucha kwenye maungio ya mawe nikitafuta mahali ambapo mwiko ulipita, nikakosa. Hakuna chokaa, hakuna udongo, hakuna kitu: jiwe la mchanga limesuguliwa juu ya jenzake mpaka yakakaa kama meno ya juu na ya chini. Mawe mengi yana vitundu vya mviringo, na mtembeza wageni akaeleza kwamba ndimo vilimochomekwa vigingi vya kuyanyanyulia, baada ya kuletwa kutoka machimbo ya mlima Kulen. Hayo yote yalifanyika katika karne ya 12, mfalme akiwa Suryavarman wa Pili, na mnara wa katikati ukapandishwa hadi mita 65 hivi kutoka chini. Niliumia. Mimi nikikosa saruji siku mbili saiti inafungwa, na hawa wenzangu hawakuwahi hata kuinusa.

Faraja niliipata nilipoinua macho kwenye dari. Wale mabwana hawakujenga tao la kweli! Walilaza mawe, kila safu ikijisogeza kidogo mbele ya iliyo chini yake, mpaka pande mbili zikakutana juu, na ndiyo sababu vyumba na korido zao zote ni nyembamba kama za nyumba ya kupangisha: ukipanua zaidi, paa linakudondokea. Mafundi wa Kilwa walikunja matao na kuba kwa chokaa na mawe ya matumbawe bila wasiwasi. Nilimweleza Mama Zuhura jambo hili kwa sauti ya juu kidogo, naye akaniambia nipunguze, maana watu wameanza kudhani kwamba mimi ndiye mtembeza wageni.

Kutani kuna michoro ya kuchongwa ambayo ingemchosha mtu wiki nzima. Mmoja una urefu wa karibu mita 49, ukionyesha miungu na mashetani wakivutana kwa joka ili kusukasuka bahari ya maziwa, mashetani 92 upande mmoja na miungu 88 upande wa pili, na katikati amesimama Vishnu, mungu wa Wahindu. Watu 180 wanavuta, mmoja anasimamia. Hiyo ni saiti yoyote ile ninayoijua, isipokuwa kwamba hapa hakuna aliyekwenda kunywa chai. Ukuta mwingine una mbingu 37 na jehanamu 32, kila moja na mateso yake, na Mama Zuhura akasimama mbele ya hizo jehanamu muda mrefu sana. Nilipomuuliza anatafuta nini, akasema anatafuta ile ya mafundi wanaopokea malipo ya awali kisha wakazima simu.

Nije kwenye fedheha yenyewe. Zuhura alinikataza kuvaa msuli, akidai kwamba nitaonekana kama mtu aliyetoka kitandani kuchungulia mvua, akaninunulia kaptura yenye mifuko sita, nikavaa ili nisimvunje moyo. Sehemu ya juu kabisa ya Angkor Wat inaitwa Bakan, ndiyo kilele cha mlima wa miungu, na hawaruhusu zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja, kwa hiyo tulipanga foleni juani, mwezi wa Aprili, katika joto ambalo lingekausha zege kabla hujalimwaga. Simu ikalia. Picha ya ufa tena, safari hii umewekewa rula pembeni. Nilipofika mbele hatimaye, mlinzi hakusema neno, alinyoosha kidole kwenye magoti yangu. Magoti hayaruhusiwi mbinguni. Msuli wangu, ambao ungenifunika hadi kwenye vifundo vya miguu, ulikuwa hotelini umekunjwa.

Mama Zuhura akafungua kanga moja ya doti aliyojitanda, akanifunga kiunoni mbele ya halaiki, akaipindua ili maandishi yakae nyuma, maana kanga ina mbele na nyuma yake na yeye katika hilo hana mzaha. Nikaanza kupanda ngazi ya mbao waliyoilaza juu ya ile ya mawe, ngazi iliyosimama wima kama ile tunayoegemeza ukutani wakati wa kupaka rangi, huku nikishika pande zote mbili na kumtaja Mungu kimoyomoyo. Ile ya mawe chini yake niliipima kwa shubiri nilipokuwa kwenye foleni: kila kidato kinakwenda juu kuliko kinavyokwenda ndani, na pa kukanyagia hapatoshi mguu mzima. Mtembeza wageni alisema njia ya kwenda kwa miungu haikukusudiwa kuwa rahisi. Mimi ningejenga ngazi hiyo, mteja angeniitia polisi. Nilipofika juu ndipo Zuhura, aliyekuwa nyuma yangu akicheka tangu kidato cha kwanza, aliponisomea kilichoandikwa kwenye kanga: “Usisafirie nyota ya mwenzio.”

Chakula cha mchana nakisamehe, kwa sababu walituletea samaki aliyepikwa kwa tui na viungo ndani ya jani la mgomba, wao wanamwita amok, na Mama Zuhura alimla kwa utulivu wa mtu aliyefika kwa ndugu zake, kisha akasema tu kwamba ndimu haikutosha. Nisichokisamehe ni noti yangu ya dola tano kukataliwa kwa kuwa ilikuwa na mchaniko mdogo kama jicho la sindano. Na yule nyani aliyepora mfuko wa visheti tulivyotoka navyo Tanga sitamzungumzia, isipokuwa kusema kwamba alionja kimoja, akakitazama, akaketi chini akavimaliza vyote bila kukaribisha mtu.

Mchana tulipelekwa Bayon, kwa mfalme Jayavarman wa Saba, ambako nyuso kubwa za mawe zinakutazama kutoka kila mnara zikitabasamu kwa midomo iliyofungwa. Wengine wanasema zinawapa amani. Mimi zilinikumbusha wenye nyumba wanaokuja saiti jioni, wakasimama mikono nyuma, wasiseme kitu.

Lakini Baphuon, hekalu la jirani tu, lilinipa raha ambayo sikuitarajia. Wataalamu wa Kifaransa walilibomoa jiwe kwa jiwe ili walijenge upya, wakayapanga mawe yapatayo 300,000 msituni na kuandika kumbukumbu ya kila moja lilikotoka, kisha vita vikaingia katika miaka ya 1970, wapiganaji wa Khmer Rouge wakashika nchi, na kumbukumbu zote zikapotea. Kazi ilipoanza tena ikawa ni kukisia jiwe lipi lilikaa wapi, na ilikamilika mwaka 2011. Nilimwomba Zuhura anirudie mwaka huo mara mbili. Walioanza kazi hiyo kama vijana waliiona ikiisha wakiwa wazee, wakati mimi nilichelewesha banda la kuku la mtu kwa miezi minne nikashtakiwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Siku ya tatu ilikuwa ya Ta Prohm, na sasa nilikwisha jua kwamba “ta” ni babu, kwa hiyo nilikwenda kama anayemtembelea wa rika lake. Hekalu hilo Jayavarman alilijenga mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake, na jiwe la maandishi linasema kwamba waliishi humo zaidi ya watu 12,000, wakiwemo wachezaji ngoma 615. Leo wakazi ni miti. Imekaa juu ya paa kama kuku anayeatamia, mizizi yake minene kuliko kiuno changu ikiteremka ukutani, ikipenya kwenye maungio, ikiachanisha mawe ambayo ukucha wangu usingepenya, na kuna mahali mzizi ndio unaoushikilia mlango usianguke. Waliohifadhi Angkor waliamua makusudi kuiacha hivyo. Watu walikuwa wamepanga foleni, nasema foleni, ili wapigwe picha mbele ya ufa unaoweza kupitisha mbuzi.

Humo ndani kuna chumba kirefu cheusi ambamo ukiegemea ukuta na kujipiga kifua kwa ngumi, chumba chote kinavuma kama ngoma. Nilijipiga, kikavuma, moyo ukapata nguvu. Nikatoka nje, nikaupiga picha ule mti mkubwa kuliko yote pamoja na ukuta uliopasuka chini yake, nikamtumia mteja wangu, nikamwandikia kwa utaratibu: “Hii ni kazi ya mafundi wa mfalme. Ina zaidi ya miaka 800, na watu wanatoka dunia nzima kulipa ili wautazame ufa wake.”

Alama mbili zikageuka bluu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Jibu likaja: “Nimekuelewa, fundi. Basi ukuta wangu ukifikisha miaka hiyo, njoo uchukue salio lako.”

Nilirudi mle chumbani nikajipiga kifua mara mbili zaidi.