Mwanao Akiahirishiwa Udahili Marekani

Katikati ya Desemba vyuo vingi vya Marekani huwajibu wanafunzi walioomba mapema, yaani waliotuma maombi mwanzoni mwa Novemba, na kila mwaka miongoni mwetu Watanzania wa hapa Maryland hazikosekani familia zilizoambiwa zisubiri. Mtoto hakukubaliwa wala hakukataliwa: maombi yake yamehamishiwa kwa waombaji wa kawaida, na jibu litatoka kuelekea mwisho wa Machi. Jibu la aina hii ni gumu kwetu, na naamini ugumu huo tunauongeza wenyewe kwa kulipima kwa kipimo cha nyumbani.

Nyumbani matokeo ya kidato cha sita ndiyo yenye kauli. Baraza la Mitihani, NECTA, likishayatangaza, mwanafunzi anajua pointi zake, anasoma sifa za kila kozi katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na anaweza kukadiria nafasi yake kabla hajaomba. Akikosa awamu ya kwanza, hujaribu dirisha la maombi likifunguliwa tena. Utaratibu huo ni mkali, kwa kuwa mtihani wa majuma machache hubeba uzito wa miaka mingi, lakini humwachia mtoto sababu anayoweza kuielewa.

Binti yangu alipoahirishiwa, barua ilijaa maneno ya upole, na hapakuwa na sentensi hata moja iliyoeleza alichopungukiwa. Bibi yake alipopiga simu kutoka Morogoro kuuliza kama mjukuu amepita, mtoto alinikabidhi simu akaingia chumbani. Kumwacha kijana wa miaka 17 akijihukumu kwa miezi mitatu bila kujua kosa lake, kama lipo, naona ni ukatili, hata kama haukukusudiwa.

Hata hivyo, utaratibu huohuo unampa nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo, ya kusema tena baada ya kusikilizwa. Mshauri wa wanafunzi shuleni hutuma alama za muhula wa kwanza, na chuo kikiruhusu, mwombaji huandika barua fupi kueleza kwamba bado anakitaka na kwamba amefanya jambo gani jipya. Nasisitiza kuruhusiwa, kwa sababu viko vyuo visivyotaka nyongeza yoyote, na kuvitumia barua za mapendekezo kutoka kwa kila mchungaji na kila mjomba hakusaidii. Katika barua ya binti yangu, aya niliyoipenda ilihusu watoto wa darasa la nne anaowafundisha hesabu kwenye maktaba ya mtaa, kazi aliyoianza baada ya kuomba. Shangazi zake walitaka aongeze sifa; nilikataa.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba aliyeomba mapema kwa ahadi ya kujifunga na chuo kimoja, akiahirishiwa, ahadi ile humwachilia. Anaweza kuomba kwingine, ambako mara nyingi mwisho ni mwanzoni mwa Januari, kisha akalinganisha misaada ya ada hadi Mei 1, siku ya mwisho ya kuchagua katika vyuo vingi. Kwa familia inayolipa kodi ya nyumba huku na karo za wadogo kule, ulinganisho huo unaweza kuamua kama mtoto atasoma bila mkopo mzito. Likizo ya Krismasi basi ni ya kuandika maombi hayo, na mzazi awe karibu. Ndugu zetu wa nyumbani nawaomba, hadi Aprili, wamuulize mtoto habari za afya na masomo yake, wasimuulize habari za chuo.