Kuchungulia Tu, Jamani!

Hivi kwenye michezo ya video ya kupigana risasi, nani aliamua kitufe cha kujibanza ukutani kiwe kilekile cha kukimbia? Nakimbia kuokoa roho, risasi zinanifuata kama nyuki, ghafla askari wangu ananata kwenye kijiukuta kama kupe! Nambandua, habanduki. Navuta kijiti nyuma, anageuka kidogo tu, mgongo wote nje. Adui anakuja taratibu, ananimaliza.

Na michezo mingine haina kabisa kuchungulia. Ukitaka kuona nyuma ya kona, toka mzimamzima, kifua mbele. Nani vitani anafanya hivyo? Mchezo wa System Shock wa mwaka 1994 ulishamruhusu mchezaji kuinama pembeni. Leo, na mitambo yote hii, kupinda shingo ndiyo imekuwa kazi?

Halafu hii ndiyo inaniua kabisa: shabaha iko katikati ya paji la uso wa adui, nafyatua, risasi inagonga ukingo wa boksi nililojifichia! Kwa nini? Jicho la kamera liko juu, mtutu uko chini. Wangapi tumekufa hivyo, jamani? Tupeni vitufe viwili vya kuinama, kushoto na kulia, na cha kujibanza kikae peke yake!