Seneta aliyeanza kwa pingamizi: Obama na miaka yake ya Springfield

Tarehe 2 Januari 1996, Chicago ikiwa ndiyo kwanza inarudi kazini baada ya mwaka mpya, watu wa kampeni ya Barack Obama walikwenda tume ya uchaguzi ya jiji kuweka pingamizi. Walizipekua fomu za wadhamini za wapinzani wao mstari kwa mstari, kila saini ikilinganishwa na daftari la wapiga kura. Obama alikuwa na miaka 34, mwanasheria aliyekuwa akigombea kwa mara ya kwanza, na alichokitaka ni kiti cha eneo la 13 katika Seneti ya jimbo la Illinois. Upekuzi ulipokwisha, wagombea wengine wote wanne wa chama chake cha Democratic walikuwa nje. Mwezi Machi, siku ya kura za mchujo, ambazo wapiga kura huchagulia mgombea wa chama, karatasi ya kura ilikuwa na jina moja tu la kugombea kiti hicho.

Huku kwetu habari za Obama huwa tunaanzia mwaka 2004: hotuba ya Boston kwenye mkutano mkuu wa Democratic, kisha ziara ya Kenya ya 2006 alipokwenda Kogelo kumwona bibi yake, hata wanywaji wa Senator Keg wakaanza kuiita bia hiyo "Obama". Miaka minane kasoro aliyokaa Springfield, makao makuu ya Illinois, tunairuka kana kwamba alikuwa akisubiri basi. Mimi naona hiyo ndiyo ya kuchunguzwa. Mtu akishakuwa mkubwa kila neno lake limepigwa pasi. Ukitaka kujua anavyoyashika madaraka, mtazame alipokuwa akiyatafuta na hakuna kamera.

Niseme kwanza bunge lenyewe ni lipi. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na la Illinois lina Seneti yenye viti 59 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 118. Sheria za polisi, shule, mahakama na mgao wa fedha za jimbo hutungwa humo. Eneo la 13 lilikuwa upande wa kusini wa Chicago, likianzia Hyde Park, mtaa wa chuo kikuu, likienda magharibi hadi kwenye mitaa ya watu weusi walio maskini. Huko Democratic akishinda mchujo amemaliza. Novemba ni kupiga muhuri.

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamama aliyeheshimika sana. Mwaka 1995 mbunge wa Kongresi, bunge la taifa, Mel Reynolds, alitiwa hatiani mahakamani na kujiuzulu, Palmer akaamua kuwania nafasi hiyo. Alitangaza kwamba useneta wa jimbo anauacha na akamtambulisha Obama kuwa mrithi wake. Novemba mwaka huohuo akashindwa vibaya. Mshindi alikuwa Jesse Jackson Mdogo, na Palmer akawa wa tatu. Wazee wa mtaa wakamwendea Obama wakamwomba ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Akakataa. Palmer akakusanya saini 1,580 mbiombio na kuzipeleka siku ya mwisho. Sheria ilidai 757 tu, kwa hiyo alikuwa na zaidi ya mara mbili ya zilizotakiwa. Ndipo pingamizi likaja, na Palmer alipoona ni ngapi zitakazokatwa, akajitoa mwenyewe.

Wanaomtetea Obama wana hoja nzito. Hakuvunja ahadi kwa mtu. Aliyesema hadharani "nimeachia" ni Palmer, na kijana alikwishaanza kampeni, akachangisha fedha, akapanga watu. Mtu akikuachia shamba ukalima na kupanda, kisha akarudi kulitaka kwa sababu la bondeni limemshinda, nani amemkosea mwenzake? Tena kanuni za saini hazikutungwa na Obama. Chicago ilikuwa na sifa mbaya za uchaguzi, na mbinu moja ya kale ilikuwa watu kukaa kuzunguka meza na kupitishiana fomu wakiandika majina ya watu wasiokuwepo. Mmoja wa walioenguliwa alikiri baadaye kwamba alilipa watu wamkusanyie saini, na akashuku kuwa hivyo ndivyo walivyofanya. Kanuni ikiwepo kuzuia udanganyifu wa namna hiyo, kuitumia si kosa.

Ila hoja ya upande wa pili nayo haifi. Saini nyingi zilikatwa kwa sababu zisizohusiana na udanganyifu: mtu ameandika jina lake kwa herufi za chapa badala ya mwandiko, au anakaa nyumba iliyo nje kidogo ya mpaka wa eneo. Wengine walikatwa kwa kutokuwemo kwenye daftari, na daftari lenyewe lilikuwa limetoka kufagiliwa. Katika eneo la 13 peke yake yaliondolewa majina zaidi ya 15,000. Kwa hiyo raia aliyeamini ameandikishwa, akatia saini kwa moyo safi, alihesabiwa kama hayupo. Mgombea mmoja alipungukiwa saini 69, mwingine 86. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka 1992 Obama huyuhuyu ndiye aliyeongoza kazi ya kuandikisha wapiga kura wapya Chicago, zaidi ya watu 100,000, wengi wao weusi. Alijua kuliko wote jinsi ilivyo vigumu kumtoa mtu maskini nyumbani kwake akaandikishwe.

Hili nalisoma nikiwa na picha yangu kichwani. Mwaka 2019, kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania, nilisimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi moja ya mtaa. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa ameenguliwa. Sababu iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu ilikuwa ya maneno manne: "Ameandika kifupisho cha chama." Aliisoma mara mbili, akakunja nakala ya fomu yake, akaitia mfuko wa shati na kurudi kwenye cherehani yake bila kusema kitu. Mwaka ule wagombea wa upinzani walienguliwa nchi nzima kwa makosa ya namna hiyo, na vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa.

Je, mambo haya mawili ni kitu kimoja? Nimelifikiria sana na jibu langu ni hapana, lakini yanakaribiana kuliko ninavyopenda. Chicago aliyeengua hakuwa msimamizi wa uchaguzi akiegemea upande wake. Pingamizi liliwekwa na mgombea, ushahidi ukaangaliwa saini moja moja mbele ya pande zote, na aliyekatwa aliweza kwenda mahakamani. Mmoja wao alikwenda, akashindwa. Wapinzani wale wanne walikuwa wa chama kimoja na Obama, na hakuna aliyezuiwa kurudi uchaguzi uliofuata. Jirani yangu hakupata hata nafasi ya kuuliza. Kwa mpiga kura, hata hivyo, mwisho ni uleule: umeamka asubuhi kwenda kuchagua, ukakuta kuchagua kumekwishafanyika.

Mwaka 2007 gazeti la Chicago Tribune lilimuuliza Obama kama watu wa eneo la 13 walitendewa haki kwa kuachiwa jina moja. Alijibu kwamba anadhani walipata seneta mzuri sana. Jibu hilo limenikaa kooni tangu nilisome. Kila aliyepita bila kupingwa duniani anaweza kulitoa. Swali lilihusu wapiga kura, yeye akajibu kuhusu seneta.

Basi, alikuwa seneta mzuri? Miaka sita ya kwanza Republican, chama pinzani, ndio waliokuwa wengi katika Seneti, na muswada wa mtu wa upande mdogo huzikwa kwenye kamati kabla haujasomwa. Hata hivyo mwaka 1998 alishiriki kupitisha sheria ya kuzuia wanasiasa kupokea zawadi. Jioni alicheza karata na wenzake wa pande zote mbili. Wakosoaji wake wanaleta hesabu nyingine: katika kura kama 4,000, takriban 130 alipiga kura ya "nipo", wala ndiyo wala hapana. Katika Seneti ile muswada wa kawaida huhitaji kura 30 za ndiyo, kwa hiyo "nipo" inauangusha sawasawa na "hapana", ila haiachi alama ya kidole. Katika kura za utoaji mimba, viongozi wa Planned Parenthood, shirika la uzazi wa mpango, wa Illinois walisema baadaye kwamba ulikuwa mkakati waliokubaliana naye. Hilo nalikubali. Lakini mwaka 1999 alipiga "nipo" kwenye muswada wa kuwashtaki kama watu wazima vijana wanaofyatua bunduki karibu na shule. Kama aliuona mbaya, na zipo sababu za kuuona mbaya, angesema hapana, watu wake wakamjua.

Mwaka 2000 ndipo alipokutana na sanduku halisi. Alijaribu kumng'oa Bobby Rush kwenye kiti cha Kongresi, mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, na aliyezikwa mara nyingi na wachambuzi akafufuka. Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi na kufa, na huruma ya watu ikamfuata baba. Desemba ukaitishwa upya muswada wa kudhibiti bunduki. Obama alikuwa Hawaii, mwanawe mdogo akawa mgonjwa, hakurudi kupiga kura. Muswada ukaanguka kwa kura chache, na magazeti yakamchana. Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Mitaani walimwona profesa wa Hyde Park aliyekuja kuomba kura asikokaa. Mimi naiheshimu kampeni hii aliyoshindwa kuliko ile ya 1996 aliyoshinda, maana hapa watu walimpima, wakamkataa, na alipaswa kujiuliza kwa nini.

Kilichofuata kinaniwia vigumu kukihukumu. Katiba ya Illinois inasema vyama vikishindwa kuafikiana juu ya mipaka mipya ya maeneo ya uchaguzi, mjumbe wa kuvunja sare apatikane kwa kura ya bahati. Septemba 2001 waziri wa mambo ya jimbo, Jesse White, alitia mkono ndani ya kofia ndefu, mfano wa ile ya Abraham Lincoln, na kutoa karatasi yenye jina la Democratic. Kwa karatasi ile moja chama chake Obama kilipata kalamu ya kuchora ramani. Eneo la 13 likavutwa kaskazini kandokando ya ziwa Michigan hadi mitaa ya matajiri wa katikati ya jiji, watu waliokuja kuwa wafadhili wake, na Democratic ikachukua Seneti yote kwenye uchaguzi wa 2002. Mwaka huo Obama hakuwa na mpinzani hata mmoja.

Hapo akamwendea Emil Jones, rais mpya wa Seneti, fundi wa siasa aliyepanda kutoka chini. Jones amesimulia mwenyewe: Obama alimwambia, una uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akamuuliza kama anamjua mtu wa kutengenezwa. Obama akajibu, mimi. Kuanzia Januari 2003 miswada mikubwa ikawa inapitia mikononi mwake, na maseneta walioisukuma kwa miaka mingi wakanung'unika kwamba wamelima wao, amevuna mwingine. Walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini sheria ya kurekodi kwa video mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji haikuwa zawadi ya mtu. Illinois ilikuwa imetoka kugundua watu 13 waliohukumiwa kifo kimakosa, na baadhi ya kesi zilisimama juu ya maungamo yaliyopatikana kwa mateso. Polisi na waendesha mashtaka waliipinga. Obama alikaa nao kikao baada ya kikao, akasikiliza wanachoogopa, akarekebisha vifungu, na mwishowe ikapita bila kura ya kuipinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha jambo hilo kwa kutunga sheria. Mtu aliyekaa chumba cha mahojiano peke yake usiku anajua kamera ile ina thamani gani.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema watu wa eneo la 13 kweli walipata seneta mzuri, hasa mwaka ule wa 2003. Na bado naamini mwaka 1996 alipaswa kuwaacha wamchague. Kwa kazi aliyokuwa ameifanya mitaani na baraka ya awali ya Palmer mkononi, pengine angeshinda. Pengine asingeshinda, na historia ingekwenda njia nyingine, lakini uamuzi ungekuwa wa wenye eneo.

Machi 2004 alishinda mchujo wa Seneti ya Marekani kwa asilimia 53 kati ya wagombea saba, safari hii majina yote yakiwa kwenye karatasi. Novemba akamshinda Alan Keyes wa Republican kwa asilimia 70 kwa 27, na kiti cha Springfield kikaenda kwa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Alice Palmer hakurudi tena Seneti ya jimbo. Mwaka 2008, kijana aliyemtambulisha kwa watu wake alipokuwa akiwania urais, yeye alimuunga mkono Hillary Clinton.