Boksi Lako, Ufunguo Wao

Bili ya kebo ya Marekani inasomwa kutoka chini kwenda juu. Juu wameweka bei ya kifurushi, ile uliyoiona kwenye tangazo, kwa herufi nene. Ukweli uko chini kwenye maandishi madogo: ada ya chaneli za kitaifa, ada ya michezo, kodi za serikali, halafu mistari miwili ambayo wengi wetu tunaipita kama hatuioni, ada ya kukodi boksi, yaani king'amuzi, na ada ya huduma ya DVR. Huo wa mwisho ndio unaonikera. Boksi nimeshalikodi. Liko sebuleni kwangu, linakula umeme wangu. Halafu natozwa tena kila mwezi kwa ruhusa ya kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani Afrika Mashariki ambaye king'amuzi chake hakina mambo hayo: DVR ni king'amuzi chenye diski ndani. Kinarekodi kipindi ukiwa kazini, ukirudi unakitazama kwa wakati wako na matangazo unayaruka. Kwa Waswahili wa huku Marekani kazi yake kubwa ni mpira. Ligi Kuu ya England inaonyeshwa na NBC na chaneli zake tangu 2013, na mechi ya kwanza ya Jumamosi, kwa saa za mashariki, huanza saa moja na nusu asubuhi, wakati nusu ya watu ninaowajua ndio kwanza wanatoka zamu ya usiku hospitalini au kwenye maghala. Mtu anaweka irekodiwe, anazima simu asije akapewa matokeo na kundi la WhatsApp, analala, anaamka kutazama. Wazoefu huongeza nusu saa baada ya muda ulioandikwa kwenye ratiba, maana usipofanya hivyo mashine inakata wakati refa bado anahesabu dakika za nyongeza, na bao la dakika ya 96 utasimuliwa na watu.

Kwa hiyo DVR tunaihitaji. Swali ni tuikodi au tuinunue, na jibu linalotolewa haraka haraka ni kununua. Mimi nakubaliana nalo nusu.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2015 maseneta wawili, Ed Markey na Richard Blumenthal, waliyataka makampuni makubwa ya televisheni ya kulipia yaeleze yanatoza kiasi gani kwa maboksi. Ikaonekana kaya ya wastani inalipa dola 231 kwa mwaka kwa kukodi tu, na wateja 99 katika kila 100 wanakodi. Ukijumlisha nchi nzima ilikuwa karibu dola bilioni 20 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki si chako. Kwa kasi hiyo, miaka mitano ni dola 1,155, na bado boksi si mali yako. Siku unahama unalirudisha pamoja na kila ulichorekodi ndani yake: mechi zote, katuni za watoto, kila kitu. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako waliliona hili mapema.

Na hapo umeme haujaingia kwenye hesabu. Mwaka 2011 shirika la mazingira la NRDC lilipima maboksi haya likakuta nyumba yenye DVR moja ya picha safi na boksi la pili la kawaida inatumia kilowati-saa 446 kwa mwaka. Kwa lugha ya LUKU hizo ni uniti 446, nyingi kuliko za friji jipya la wakati huo. Theluthi mbili ya umeme uliokuwa unaliwa na maboksi ya Marekani ulikuwa unaliwa wakati hakuna mtu anayetazama. Wanaouza boksi kwa mwenye nyumba wangelibana litumie umeme kidogo ili linunulike. Anayekukodisha hana haraka hiyo, bili ya umeme ni yako.

Sasa upande wa kununua. Jina kubwa hapa ni TiVo, iliyoingia sokoni 1999 na mashine ya dola 499 yenye uwezo wa kurekodi saa 14. Juu yake ulilipia huduma, yaani ratiba ya vipindi inayoiambia mashine nini kinaanza saa ngapi: karibu dola 10 kwa mwezi, au dola 199 mara moja ukamaliza. Bei haikukaa hapo. TiVo Edge ya kebo ilipotoka 2019 ilikuwa karibu dola 400, na huduma yake dola 15 kwa mwezi au dola 550 kwa mkupuo. Ukilipa kwa mkupuo, umetoa dola 950 kabla hujatazama chochote. Tuseme kampuni yako inakutoza dola 20 kwa mwezi kwa boksi na DVR. Basi itakuchukua karibu miaka minne kurudisha pesa yako, ndipo uanze kufaidi. Nyumba yenye televisheni tatu inafika mapema zaidi, kwa sababu viboksi vidogo vya vyumba vingine vya TiVo havikuwa na ada ya mwezi, wakati kampuni ya kebo inatoza kila chumba.

Ila angalia aliyechagua dola 15 kwa mwezi. Amenunua mashine kwa dola 400 na bado analipa kila mwezi, na akiacha kulipa mashine haina kazi ya maana. Huyo ameunganisha hasara za kununua na hasara za kukodi kwenye boksi moja. Hata ile huduma ya kulipa mara moja inafuata uhai wa mashine, haifuati wako. Mashine ikifa, imekufa na dola zako 550.

Hapo ndipo nusu yangu nyingine inapoanza kubisha. Boksi ulilonunua haliwezi kufungua chaneli za kebo bila kadi ya kampuni ya kebo, inayoitwa CableCARD, kitu cha bapa cha chuma kinene kidogo kuliko kadi ya benki. Ni kununua kufuli dukani halafu ufunguo ubaki kwa muuzaji. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilitunga sheria ikitaka mteja aweze kununua boksi popote anapotaka. Ilipofika Julai 2007 makampuni yakalazimishwa kutumia kadi hizo hizo hata kwenye maboksi yao wenyewe, ili yasiwe na sababu ya kuzitelekeza. Lazima hiyo ikaondolewa mwishoni mwa 2015, na mwaka 2020 FCC, tume inayosimamia mawasiliano, ikafuta kabisa wajibu wa kuzihudumia.

Unaweza kukisia huduma ilikuwaje. Nimeshakaa kwenye simu na mhudumu ambaye hajawahi kulisikia jina la kadi hiyo. Akaniunganisha na mwenzake, naye akaniuliza kama nimejaribu kuzima boksi na kuliwasha tena. Boksi lenyewe lilikuwa bado kwenye katoni.

Wapo waliojaribu kuuvunja utaratibu huu. Februari 2016 Tom Wheeler, mwenyekiti wa FCC wakati huo, alileta pendekezo la kuyataka makampuni ya kebo yafungue milango ili kifaa au programu ya mtu yeyote iweze kuonyesha chaneli ambazo mteja ameshazilipia. Makampuni yakapiga kelele, wenye filamu wakapiga kelele, kura iliyopangwa Septemba ikaahirishwa siku ile ile, na Januari 2017 mwenyekiti mpya, Ajit Pai, akaliondoa pendekezo mezani. Kilichopatikana baadaye ni kidogo: sheria ya 2019 inayokataza kampuni kukutoza ada ya kifaa ulichojiletea mwenyewe. Yaani ilihitajika sheria ya Bunge kumzuia mtu kudai kodi ya kitu ambacho si chake.

Wanaosema haiwezekani, kwamba mitambo ni ya kampuni kwa hiyo na boksi lazima liwe lao, wamesahau simu. Nchi hii hii kwa miongo watu walikodi simu ya mezani kutoka kampuni ya simu, mwezi kwa mwezi, na kuunganisha kifaa kingine kulikuwa marufuku. Uamuzi wa FCC wa 1968, unaojulikana kama Carterfone, ndio uliofungua njia. Baada ya hapo zikaja simu za dukani, mashine za kupokea ujumbe, faksi, hadi modemu zilizotuletea intaneti. Mitambo ya simu haikuanguka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haki ya kurekodi ilishapiganiwa na kupatikana zamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kesi ya Sony dhidi ya Universal kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Enzi hizo zilikuwa za mikanda ya video. Ulinunua deki, ukanunua mkanda, hakuna aliyekuja kila mwisho wa mwezi kukusanya chochote. Tumetoka kwenye deki ya kununua tukaenda kwenye kitufe cha kukodi, na tukaambiwa ni maendeleo.

Ndugu zangu wa Dar na Nairobi wanaoniona mjinga nikiwasimulia haya wasicheke sana. Kweli, kwetu king'amuzi hununuliwa. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walipanga foleni kununua, na Kenya yakawa hayo hayo 2015. Lakini angalia chini ya televisheni ya mpenda mpira: king'amuzi cha kampuni hii kwa ajili ya ligi ya nyumbani, cha kampuni ile kwa ajili ya Ulaya, vyote mali yake, na kimoja hakiwezi kufungua chaneli za kulipia za mwenzake. Mwenye DStv Explora, king'amuzi kinachorekodi, amekinunua kwa pesa yake na bado kuna ada ya mwezi juu ya kifurushi ili kurekodi kufanye kazi. Kwa mtindo huo sisi tumemzidi Mmarekani: yeye anakodi boksi na ufunguo, sisi tunanunua boksi na kukodi ufunguo.

Siku hizi utaambiwa mjadala umepitwa na wakati, kila kitu kiko mtandaoni. YouTube TV, huduma ya kulipia inayoleta chaneli kwa intaneti, inakupa kurekodi bila kikomo na hakuna ada ya DVR kwenye bili. Sawa, ila rekodi zinafutika baada ya miezi tisa, na huduma yenyewe ilianza 2017 kwa dola 35 kwa mwezi ikafika karibu dola 83 Januari 2025. Hakuna boksi la kurudisha, hilo ni kweli. Hakuna chochote cha kushika pia. Kwa mtu anayekaa mji mmoja miezi michache, mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, hiyo ni sawa kabisa, na hata kukodi boksi la kebo kwake si dhambi: likiharibika wanakubadilishia bure. Kwa familia iliyotulia ni hadithi nyingine.

Na kwa upande wa kebo, aliyekuwa anasubiri kununua amechelewa. TiVo iliacha kuuza mashine zake Oktoba 2025. Maboksi yaliyobaki ni ya mitumba, yanayotegemea kadi ambazo kampuni haina tena lazima ya kuzitoa. Sitamshauri mtu aweke dola zake huko.

Ninachomshauri ni antena. Chaneli za bure za hewani za Marekani ni za dijitali tangu Juni 2009, na picha yake mara nyingi ni safi kuliko ya kebo kwa sababu haijabanwa sana. ABC, CBS, NBC, Fox, PBS na Telemundo zote zimo. Haki za Kombe la Dunia la 2026 kwa Kiingereza ziko kwa Fox na kwa Kihispania kwa Telemundo, na baadhi ya mechi za Ligi Kuu ya England huwekwa NBC yenyewe. Kuna DVR za antena: Tablo ya kizazi cha nne ilitoka 2023 kwa takriban dola 100, inarekodi chaneli mbili kwa mpigo, ratiba imo, ada ya mwezi hakuna. Ongeza antena ya dirishani ya dola 30 na umemaliza gharama kwa chini ya kodi ya boksi ya mwaka mmoja. Utakosa chaneli za kebo, ndiyo. Jiulize unazitazama ngapi kati ya zile mia mbili.

Hata kwenye antena kuna wanaotafuta ufunguo. Mfumo mpya wa matangazo ya antena, ATSC 3.0, unawaruhusu wenye vituo kufunga mawimbi kwa usimbaji, na vituo kadhaa vimeshafanya hivyo, kiasi kwamba baadhi ya vifaa vya kurekodi vinapata mawimbi ya mfumo huo na haviwezi kuyafungua. Matangazo ya mfumo wa zamani bado yanaendelea na vifaa vya sasa vinafanya kazi. Lakini kabla ya kununua kifaa chochote kilichoandikwa ATSC 3.0 kwenye katoni, uliza kwanza kama kinarekodi chaneli zilizofungwa, na uliza kama kinahitaji intaneti kufanya hivyo.

Ukiamua kulirudisha boksi la kebo, lipeleke dukani kwao mwenyewe, na rimoti na waya wake wa umeme. Usiondoke kaunta bila risiti iliyoandikwa namba ya boksi, ile iliyobandikwa chini yake. Ipige picha. Miezi ikipita wanaweza kukuletea bili ya kifaa ambacho hakijarudishwa, na kwenye bili hiyo, kwa mara ya kwanza, utaona boksi lile lilikuwa na bei ya kuuzwa.