Faggin Aliondoka Akiwa Tayari Fundi

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Vicenza, kaskazini mwa Italia. Napakia maboksi ghalani. Saa ya mapumziko, wazee tunaopakia nao hulalamika kwamba vijana wao wenye akili wote wanakimbilia nje. Mimi nacheka moyoni, maana maneno hayo niliyaacha kijiweni Tanga.

Mzee mmoja ndiye aliyenitajia jina la Federico Faggin, mzaliwa wa mji huuhuu, mwaka 1941. Baba yake alikuwa msomi wa falsafa, lakini mtoto akapenda redio, akasomea ufundi huo hapahapa Vicenza. Kisha akaajiriwa na Olivetti, kampuni ya Italia ya mashine za ofisini, na akiwa na miaka 19 akakabidhiwa kazi ya kuunda kompyuta ndogo ya majaribio. Ndogo kwa wakati ule, lakini ukubwa wake wa kabati. Na ilifanya kazi!

Hapo ndipo niliposimamisha kikombe cha kahawa hewani. Mimi nilipokuwa chuo cha ufundi nilipelekwa ofisi moja kwa mafunzo ya vitendo, miezi mitatu. Nilibeba mafaili, nikatumwa chai na vitumbua. Mashine ya nakala ilipokufa ilifungiwa stoo kwa kufuli ikingoja mtaalamu atoke mjini. Niliomba nifungue kifuniko tu nichungulie. Nikaambiwa, "Kijana, ukiharibu utalipa wewe?" Ilikuwa imeshaharibika, jamani.

Faggin baadaye alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Padova, akamaliza 1965. Marekani alikwenda 1968, kwa safari iliyopangwa kuwa ya miezi michache, kwenye maabara ya Fairchild, kampuni ya vifaa vya elektroniki, kule Palo Alto, California. Huko akaongoza utengenezaji wa transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, ambazo lango lake, sehemu inayofungua na kufunga umeme, ni la silikoni badala ya alumini. Njia hiyo ilifanya saketi ziende kasi zaidi na zibanane zaidi. Ikarahisisha ubongo mzima wa kompyuta kuenea kwenye kipande kimoja.

Mwaka 1970 akahamia Intel, kampuni ya Marekani ya chipu, yaani vipande vya silikoni vyenye saketi ndani. Kampuni ya Kijapani, Busicom, ilikuwa imeagiza chipu za mashine za kupigia hesabu. Ted Hoff na Stan Mazor, wahandisi wa Intel, walishapanga umbo la jumla, lakini saketi zenyewe hazikuwa zimechorwa. Masatoshi Shima, mhandisi wa Busicom, akafunga safari kutoka Japani kuja kukagua kazi, akakuta hakuna cha kukagua. Alikasirika, kisha akakaa akasaidiana na Faggin. Chipu za kwanza hazikufanya kazi, kwa kuwa tabaka moja lilirukwa kiwandani. Mapema 1971 zikakubali, na mojawapo ni 4004, ule ubongo wa kompyuta kwenye kipande kimoja: transista 2,300, kipande kinachokaa juu ya ukucha. Pembeni Faggin akachora F.F., herufi za jina lake.

Zile herufi nazipenda kuliko chipu yenyewe. Alipoondoka Intel kwenda kuanzisha kampuni ya Zilog, iliyotoa chipu ya Z80 mwaka 1976, simulizi ya 4004 kwa miaka mingi ilitajwa bila yeye. Basi na ughaibuni jasho la mtu husahaulika, wala msidanganyike na picha tunazowatumia. Mimi hapa hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kushika bisibisi.

Ndiyo maana nyumbani wanaposema "mtu akitoka nje ndipo anakuwa mtu", nabisha. California ilimpokea mtu ambaye alishaaminiwa nyumbani kwao akiwa hajafika hata miaka 20. Sisi pesa ni tatizo, sikatai, ila kufungua kifuniko cha mashine mbovu hakuhitaji mfadhili.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha ya amplifaya aliyoiunda kwa mabaki ya televisheni. Chini kaandika: "Anko, utanitoa lini?" Nimemjibu kwamba mzigo unakuja mwezi ujao, mna pasi ya kulehemu na mita ya kupimia umeme. Na hiyo amplifaya, kabla hajaifunga, achore jina lake kwa ndani.