Ukiishi Visiwani, Pandikiza Kiinitete Kimoja

Mume na mke waliotafuta mtoto miaka na miaka, wakauza shamba ili waende Mombasa au Nairobi kupandikiza mimba, wakiulizwa na daktari kiinitete (mimba changa iliyotungwa maabara) kimoja au viwili, wengi hujibu viwili. Nawaelewa. Pesa ni nyingi, na mimba kushika ni majaliwa. Tena pacha kwetu ni furaha kubwa, mashallah.

Hata hivyo mimi nasema kimoja, na kwa mtu wa Lamu nasisitiza.

Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Mama naye huzidi kuwa katika hatari ya presha, kifafa cha mimba na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Sasa yapeleke hayo Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, usiku. Uchungu umeanza wiki ya 31 na maji yamekupwa. Nahodha wa boti ya kwenda hospitali Lamu mjini hana budi kuchagua: angoje maji yajae apite mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, au azungukie bahari kuu kwenye mawimbi ya kusi, na mgonjwa kalala ubaoni. Mtoto njiti wa wiki hizo anahitaji joto, oksijeni na mara nyingi kusaidiwa kupumua. Hapa ni wawili, kwa wakati mmoja. Wakipewa rufaa ya Mombasa, ni boti tena hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara.

Kuchagua kimoja si kukitupa cha pili. Kinagandishwa, kikangoja. Uingereza mwaka 2008, karibu robo ya waliojifungua kwa njia hii walizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kufikia 2019 ilikuwa asilimia 6 tu, na nafasi ya kupata mtoto haikupungua.

Najua mama mwenye umri mkubwa, au ambaye mimba zimekataa mara kadhaa, huenda daktari wake akawa na sababu nzuri ya kuweka viwili. Uamuzi ni wa mama, ila aambiwe yote kabla ya kutia sahihi, na mumewe awepo asikie.

Kliniki nazo zina deni. Madhali kila upandikizaji unatozwa peke yake, watu wataendelea kuomba viwili ili walipe mara moja. Bei moja ijumuishe kugandisha na kupandikiza kile cha pili, ijulikane tangu siku ya kwanza.