Je, Binti Anayejiona Mbaya Aambiwe Kuwa ni Mzuri?

Binti anaposema "mimi ni mbaya", watu wazima wanaompenda huwa na jibu moja lililo tayari mdomoni: "Nani kakuambia? Wewe ni mzuri." Hakuna anayelisema kwa nia mbaya. Kampeni nyingi za kuwajenga wasichana nazo zimesimama juu ya jibu hilohilo, kwamba kila msichana ni mzuri na kila umbo linapendeza. Lakini wapo wanaoona kuwa jibu hilo, pamoja na upole wake wote, linamrudisha binti palepale anapoumia, kwa sababu bado linampima kwa sura. Hao wanataka habari za uzuri ziachwe kabisa, binti afundishwe kuuona mwili kuwa ni wa kuishi nao na kufanyia kazi. Pande zote mbili zina hoja nzito. Naona hata hivyo kwamba upande wa kwanza umeaminiwa kupita kiasi, na kwamba upande wa pili una kosa moja ambalo wafuasi wake hawapendi kulikiri.

Kwanza tuutazame mwili wenyewe. Kwa wasichana wengi dalili za balehe huanza kati ya miaka 8 na 13, na katika kipindi hicho mwili huongeza mafuta kwenye nyonga, mapaja na matiti. Mafuta hayo si kasoro wala matunda ya uvivu. Mwili unayahitaji ili hedhi ianze na iendelee kwa mpangilio. Mvulana naye akibalehe huongeza zaidi misuli, na mabega yake hutanuka. Matokeo yake ni kwamba mvulana mara nyingi hukua akilielekea umbo linalosifiwa, ilhali msichana anaweza kukua akiliacha nyuma umbo analoonyeshwa kila siku kuwa ndilo. Anayebalehe mapema kuliko wenzake hupata taabu zaidi, kwa sababu kifua chake huanza kuvuta macho na maneno ya watu wazima angali mtoto. Haya yote angeweza kuelezwa kabla hayajamkuta, kwa utulivu, na mtu anayemwamini. Wengi hawaelezwi. Anaona sketi ya mwaka jana haipandi, anahitimisha kuwa ameharibika.

Na kipimo cha kuharibika anakitoa wapi? Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu akikosa kipimo cha wazi cha kujitathmini hujilinganisha na wenzake. Msichana wa leo ana wenzake wengi kupita kiasi kwenye simu, na picha za wengi wao zimepitishwa kwenye filta za kurembesha. Nguvu ya picha katika jambo hili ilionekana Fiji, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, eneo la Nadroga, ambako mwili mnene ulikuwa ukiheshimiwa tangu zamani. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, kisha kundi jingine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Makundi yalikuwa madogo, wasichana sitini na kitu kila moja, na kisiwa hakibadiliki kwa televisheni peke yake. Hata hivyo ni vigumu kuuona mgeuko wa haraka namna hiyo na kuendelea kusema kwamba tatizo limo kichwani mwa msichana tu.

Sasa turudi kwenye lile jibu la "wewe ni mzuri". Wanaolitetea wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Dunia humthamini mwenye sura inayopendwa, na kunyamaza nyumbani hakuifuti dunia hiyo. Binti ambaye hajawahi kusikia kwa baba au mama yake kuwa anapendeza atalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye lake jambo, na litamlevya. Pia wapo wasichana waliodanganywa waziwazi kuhusu miili yao: mwenye ngozi nyeusi sana, mwenye kovu la moto usoni, mwenye ulemavu. Kwa msichana kama huyo, kuambiwa kuwa ni mzuri ni kusahihishiwa uongo. Asiposahihishiwa atatafuta dawa mwenyewe, na mojawapo ya dawa hizo ni krimu za kujichubua, ambazo baadhi zina zebaki inayoharibu figo. Sioni ubaya wa mama kumshika binti yake shavu na kumwambia kuwa rangi yake inapendeza.

Tatizo linaanza pale sifa inapogeuzwa kuwa tiba. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu waliambiwa warudie moyoni sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wakijidharau, yaani hasa wale tunaotaka kuwasaidia, walijisikia vibaya kuliko wenzao wasiorudia chochote. Sababu si ngumu kuiona. Ukimlazimisha mtu aseme asichokiamini, moyo wake humletea ushahidi wote wa kinyume. Ndivyo anavyojisikia msichana anayebandikiwa maneno matamu ukutani huku akijua alivyochekwa asubuhi ya siku hiyohiyo.

Jimbo la California nchini Marekani lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1986 liliunda kikosi kazi cha kukuza hali ya kujithamini, kwa imani kwamba watu wakijithamini, kufeli shuleni, mimba za mapema na uhalifu vingepungua. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walizipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona kwamba kujithamini hakuleti alama nzuri darasani. Mara nyingi ni kufanya vizuri ndiko kunakozaa kujithamini. Lakini tusiwanyime haki waliokuwa na matumaini: mapitio hayohayo yalionyesha kuwa anayejithamini huwa na furaha zaidi, na huenda hakati tamaa upesi baada ya kushindwa. Kwa msichana anayelia usiku, furaha si jambo dogo. Swali ni njia ya kuipata.

Kuna jambo jingine linalonisumbua katika sifa za sura. Hata ikiwa njema namna gani, sifa ya sura ni hukumu, na hakimu anayesifu leo anaweza kukosoa kesho. "Umepungua, umependeza kweli!" ni maneno ambayo msichana anaweza kuambiwa akiwa hajala chakula cha kutosha kwa miezi miwili. Msemaji hakujua. Lakini binti amejifunza kwamba njaa inalipa, na kwamba akirudia unene wake wa kawaida watu watanyamaza, naye atausikia huo ukimya.

Kwa hiyo wanaotaka uzuri uondolewe mezani wana haki kubwa. Kosa lao ni kudhani kwamba mtu anaweza kuuondoa kwa kutamka tu. Binti wa miaka 14 akikuuliza "hivi mimi ni mzuri?", ukamjibu "hilo si la muhimu", yeye amesikia "hapana". Baada ya hapo hatakuuliza tena, ataiuliza simu. Ninachoona kinafaa ni kwamba anayeuliza ajibiwe wazi na kwa upendo, halafu aulizwe kimetokea nini, kwa sababu nyuma ya swali hilo karibu kila mara kuna mtu aliyesema kitu. Ila tusiwe sisi wa kwanza kuufungua mjadala wa mwili wake. Mwili wa binti usiwe habari ya sebuleni.

Na hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Mjomba anamwita "bonge", kaka anamwita "kimbaombao", shangazi anaingia mlangoni na kabla ya salamu kwisha ameshatoa ripoti ya nani kanenepa. Ukimuuliza, atakuambia ni utani. Utani huo hauna umbo moja linalouridhisha: mwembamba hucheka pamoja na wenzake, kisha wakiondoka huvaa nguo juu ya nguo, mnene hukataa kula mbele ya watu, na asiye na shepu inayosifiwa huona kama mwili wake umesahaulika. Mama anayejitazama kwenye kioo na kulalamikia tumbo lake naye anafundisha, japo hajamgusa mtu. Jerica Berge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha mwaka 2013 kwamba vijana ambao wazazi wao huzungumza nao kuhusu uzito na ukubwa wa mwili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujinyima chakula na kutumia njia zisizo salama za kupungua, kuliko wale ambao wazazi wao walizungumza nao kuhusu kula vizuri kwa ajili ya afya. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, kwa kuwa mzazi huenda huanza kusema baada ya kuona tatizo. Lakini unatosha kumjibu anayesema kwamba kuukubali mwili ni kuficha ukweli wa unene na kisukari. Afya inaweza kuzungumzwa, chakula kikabadilishwa kwa nyumba nzima, bila mtoto mmoja kutolewa mbele ya wenzake na kupimwa kwa macho.

Kuhusu mitandao ya kijamii, kelele ni nyingi na ushahidi una sura mbili. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kuwa miongoni mwa wasichana waliokuwa tayari wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram, mtandao wa picha wa kampuni hiyo, iliwazidishia hali hiyo. Kampuni ilijitetea kwamba wengine walisema iliwasaidia. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kuona kuwa matumizi ya teknolojia za kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wapo wanaoishika namba hiyo na kusema basi, mjadala umekwisha. Mimi sioni hivyo. Wastani huwachanganya anayezungumza na bibi yake kwa video na anayetazama matumbo ya watu wengine hadi usiku wa manane. Ufaransa na Norwei zimetunga sheria za kutaka matangazo yenye miili iliyorekebishwa kwa kompyuta yawekewe alama. Nia ni njema, ila majaribio mengi yameonyesha kuwa alama haipunguzi maumivu ya kujilinganisha. Kujua kuwa picha ni ya uongo hakumzuii mtu kuitamani.

Kilichonishawishi zaidi ni mpango uitwao Body Project, uliotokana na kazi za Eric Stice na wenzake nchini Marekani. Ndani yake wasichana hawahubiriwi. Hukaa kikundi kidogo na kupewa kazi ya kulipinga wenyewe lile umbo linalotukuzwa: waseme linagharimu nini, nani anafaidika nalo, wamwandikie barua msichana mdogo anayelitamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hatari ya kuanza kuugua matatizo ya ulaji, kama kujinyima chakula au kujitapisha, ilipungua kwa asilimia 60 katika miaka mitatu, ikilinganishwa na wasichana waliofanyiwa tathmini tu. Siri yake naiona hapa: hoja imetoka kinywani mwa binti mwenyewe, mbele ya rika lake, na sasa ana neno la kulilinda. Hiyo ni tofauti kubwa na bango.

Sambamba na hilo apate vitu vingine vya kusimamia, vinavyopatikana kwa kufanya: kuogelea, kushona, kutengeneza redio iliyokufa, kuongoza kwaya. Wasichana wengi huacha michezo mara tu balehe inapoingia, na mara nyingi si kwa kukosa hamu. Ni kwa sababu ya nguo zinazomwacha wazi, kukosa sidiria inayomshika vizuri, hofu ya damu kuonekana, na kundi la wavulana wanaocheka pembeni ya uwanja. Mwalimu anaweza kuyaondoa hayo mwezi huuhuu bila kusubiri sera.

Mpaka wa mjadala huu ni ugonjwa. Binti anayekimbilia msalani kila baada ya kula, aliyekosa hedhi kwa miezi mitatu, anayejificha ndani ya nguo kubwa huku akikonda, anayezimia au kufanya mazoezi hata akiwa na homa, hahitaji kusifiwa wala kuelimishwa kuhusu picha za uongo. Kujinyima chakula kwa kiwango hicho huweza kusimamisha moyo, na ni miongoni mwa maradhi ya akili yenye vifo vingi. Apelekwe kwa daktari mapema, uzito na mapigo ya moyo vipimwe faraghani, na mtu mzima mmoja awe naye hadi mwisho wa matibabu. Wakati huo wote asiambiwe kuwa anajidekeza, wala asisikie habari zake zikisimuliwa kwa ndugu.